Kifo Kilichowekwa Kwenye Mengineyo

Benno Ndunguru hakuwa mtu wa kukaa. Tangu ujana wake pale Litembo alijulikana kwa miguu yake. Akiwa kwenye benchi la kanisa, goti lake la kulia lilitikisika toka somo la kwanza hadi baraka; akikaribishwa nyumbani kwa watu, alikalia ukingo wa kigoda kama mtu anayesubiri kuitwa. Miaka aliyokuwa karani wa chama cha ushirika, kazi ilimtuliza kidogo, kwa kuwa kahawa ya watu haiwezi kupimwa na mtu anayetangatanga. Kisha ukaja wakati wa soko huria. Wanunuzi binafsi wakapanda mlima na malori yao, chama kikapunguza makarani, na Benno akarudi nyumbani na kalamu yake mfukoni.

Basi miguu ikachukua nafasi ya kazi. Alikwenda Songea kuangalia mambo, akarudi. Alikwenda Njombe, akarudi. Alikwenda Mbamba Bay kuulizia meli, ingawa hakuwa na safari yoyote ya meli. Mkewe Kunigunda, mwanamke wa maneno machache, alichimba peke yake mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia udongo na maji, kwenye mteremko wao, na kila aliponyoosha mgongo aliitazama njia iendayo bondeni, aone kama mumewe anakwenda au anarudi.

Kilichomrudisha Benno nyumbani kilikuwa mchezo.

Uliletwa na fundi mmoja Mjerumani, aliyekuja kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi za juu. Mvua iliposimamisha kazi yake, aliwakusanya watu wachache akawafundisha, na alipoondoka aliwaachia kifuko cha dadu za ajabu: nyingine za nyuso nne, nyingine nane, na moja, iliyopendwa kuliko zote, ya nyuso ishirini. Mchezo wenyewe hauna ubao wala kete. Watu huketi mezani, kila mmoja hujitwalia mtu wa kubuni na kusema kwa kinywa cha mtu huyo. Mwenzao mmoja huieleza nchi wanayosafiri, mito yake, njaa zake, na watu wengine wote wanaokutana nao. Jambo likiwa la mashaka, kama vile msafiri anataka kuruka korongo, au kumdanganya mlinzi wa lango, dadu hurushwa, nayo ndiyo huamua. Hakuna anayeshinda. Hadithi huendelea Jumapili hata Jumapili.

Mwenye kuieleza nchi alikuwa Benno. Hakutaka majumba ya mawe wala mazimwi ya yule fundi. Alibuni nchi yenye milima mikali na ziwa upande mmoja, na humo wasafiri watatu waliobeba chumvi kumpelekea mtemi aliyekuwa amenuniana na ndugu zake. Flavia, muuguzi wa hospitali, alicheza mganga mwanamke aliyekuwa mkali kwa wagonjwa kuliko yeye mwenyewe. Daniel, bwana shamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, alicheza mhunzi kijana. Na Xaveri, mchuuzi wa usipa aliyepanda mara kwa mara kutoka Ngumbo, kando ya ziwa, na mizigo yake ya dagaa wakavu, alicheza Mzee Makungu, kiongozi wa njia, mtu mzima mwenye kikohozi, aliyeujua kila mto kwa sauti yake.

Paroko aliwaruhusu kutumia darasa la katekisimu baada ya Misa ya pili. Na kwa kuwa wote walikuwa watu waliolelewa katika vikao, mchezo nao ukageuka kikao bila mtu kuamua. Benno akaitwa Mwenyekiti. Daniel, ambaye hakuweza kuona watu wanne mezani bila kutafuta jalada, akawa Katibu.

"Mwenyekiti, akidi imetimia," alikuwa akisema Daniel, akiweka kalamu sawa. "Naomba kusoma muhtasari wa kikao kilichopita."

"Soma, Bwana Shamba, tuzeeke," alikuwa akidakia Flavia.

"Agenda ya kwanza, kufungua kikao. Mwenyekiti alifungua kikao wakati wasafiri wakiwa pangoni. Agenda ya pili, yatokanayo. Ilibainika kwamba simba aliyetajwa katika kikao kilichotangulia bado yuko nje ya pango. Wajumbe walishauri asubiriwe aondoke."

"Simba asubiriwe!" Xaveri alikuwa akicheka hadi anamwaga chai. "Nyie watu wa serikali hata simba mnamwandikia barua."

"Na nyie wa ziwani mngemwuzia usipa," Daniel alimjibu.

"Angenunua! Angeacha kula Wagogo, maana hawana nyama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa raha. Lakini Benno, ambaye akili yake ilitangatanga kama miguu yake, alikuwa na jambo lililomsumbua kila Jumapili alipokuwa akirudi nyumbani. Aliona kwamba mchezo ule hutokea mara mbili. Mara ya kwanza hutokea mezani, nao ni fujo: dadu inaanguka chini, mtu anatafuta karanga, watu wanabishana kama mganga angeweza kufika mlangoni kwa wakati. Mara ya pili hutokea unaposimuliwa, na hapo karanga na mabishano hutoweka, hubaki pango, na simba, na giza. Flavia aliposimulia kwa wauguzi wenzake, walinyamaza na vikombe mikononi. Daniel aliposoma muhtasari, mambo yaleyale yalikauka kama maharage juu ya jamvi. Usimulizi upi ulikuwa wa kweli? Benno hakujua. Kwa kuwa Katibu alikuwa na bidii, na wengine hawakuwa na kalamu, muhtasari ndio uliokaa.

Basi ikaja Jumapili moja ya masika ambayo Xaveri hakupanda. Walikuwa na kanuni yao: mjumbe asipofika, mtu wake hubebwa na aliye kushoto kwake, yaani husemewa na kurushiwa dadu. Mzee Makungu akabebwa na Daniel. Wasafiri walifika kwenye mto uliofurika. Wakati huohuo wingu jeusi lilikuwa limeshuka juu ya hospitali, na Daniel alikuwa na pikipiki ya serikali na barabara ya utelezi mbele yake.

"Tuvuke tu," alisema. "Mzee atangulie, ndiye mjuzi wa maji."

"Mwenyewe angekubali kuvuka mto huu?" aliuliza Flavia.

"Mvua inakuja, Nesi. Tuvuke."

Akarusha dadu kwa ajili ya Makungu. Ikatoka moja. Kwa kanuni za yule fundi, moja ni balaa. Akarusha tena ili mzee ajishike kwenye mwamba, ikatoka mbili. Flavia alipiga kelele, Daniel akacheka cheko la mtu aliyeshtuka, matone ya kwanza yakaanza kugonga bati, na Benno, ambaye tayari alikuwa amesimama, alisema kwa haraka kwamba maji yamemchukua mzee. Wakakusanya vikombe. Kwa kuwa agenda za siku zilikuwa zimekwisha kuandikwa, Daniel alitia jambo lile mahali ambapo Katibu yeyote mwaminifu angelitia.

Xaveri alipanda Jumapili iliyofuata, mweusi kwa jua, mchangamfu, amewaletea kila mmoja fungu la usipa ndani ya jani. Akasalimia, akaketi. "Haya, Katibu. Nimekosa nini?"

Daniel akasoma. Alisoma ufunguzi, akasoma yatokanayo, akasoma bei ya chumvi katika kijiji walichopita. Kisha, kwa sauti ileile:

"Mengineyo. Mzee Makungu alifariki dunia kwa kuchukuliwa na maji. Kikao kilifungwa kwa sala. Naomba kuthibitisha."

Wakainua mikono. Hili ndilo lililomchoma Benno baadaye kuliko yote: kwamba yeye na Flavia waliinua mikono, kwa mazoea, kama watu wanaothibitisha muhtasari wowote.

Xaveri hakuinua. Alimtazama Daniel, akamtazama Benno, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

"Mmesema nani?"

"Makungu, kaka," Flavia alisema taratibu. "Ilikuwa dadu. Ilitoka moja."

"Nimekaa na mzee yule tangu fundi angali hapa. Nakijua hata kikohozi chake. Na nyie mnanisomea msiba wake kwenye mengineyo, mimi nimeshika jani la samaki."

"Lakini ni mchezo, Xaveri," alisema Daniel, akijaribu kutabasamu. "Utatengeneza mwingine. Hata leo hii."

Xaveri akasimama. Hakugombana. Aliaga kwa heshima, kila mmoja kwa mkono, jambo lililowatisha kuliko matusi, akatoka.

Hakupanda Jumapili iliyofuata, wala nyingine. Usipa wake uliletwa na mchuuzi mwingine, aliyesema Xaveri yu mzima, ila amesema mlimani hana watu. Mezani mambo yakalegea. Wasafiri wawili waliobaki walisimama ukingoni mwa mto ule kama ng'ombe waliopotelewa na mchungaji. Flavia akaanza kuomba zamu za Jumapili. Daniel akaleta pendekezo: marekebisho ya muhtasari, kwamba Mzee Makungu alionekana akiwa hai kwenye tawi la mti.

"Umfufue kwa kalamu?" Flavia aliuliza. "Mimi nimefunika maiti wengi, Bwana Shamba. Hakuna aliyeandikiwa tawi."

Benno akaanza tena kutembea. Alikwenda Mkumbi, akarudi. Alikwenda Mbinga mjini kuulizia betri za redio, akarudi bila betri. Kunigunda alimwona akifunga tena mfuko wake, akaacha kupepeta mahindi.

"Meza yenu imevunjika."

"Haijavunjika. Imepungua mtu."

"Kabla ya meza hiyo ulikuwa mgeni humu ndani. Nilikuwa nakukaribisha chakula kama padre mhamiaji." Alisema bila ukali. "Kamrudishe mwenzenu."

"Nimwambie nini? Mtu wake amekufa. Dadu imekwisha kusema."

"Sikuulizi alikufaje. Nakuuliza, msiba alipelekewa na nani?"

Katika milima ile, kama kule ziwani, habari ya kifo haisomwi wala haitupwi barabarani. Hutumwa mtu. Mtu huyo hafiki na kusema. Hufika, husalimia, huketi, hula anachopewa, huulizwa habari za safari, na wenyeji hutambua kwa jinsi anavyokaa kwamba amebeba jambo. Ndipo husema. Wao, mtu wa milimani, Mgogo wa watu na muuguzi aliyezoea kazi hiyo kila juma, hawakumtuma mtu, kwa sababu katika kikao hakuna agenda ya namna hiyo.

Alishuka kwa miguu, kwa njia ya wachuuzi, akalala kwa jamaa wa mkewe katikati ya mteremko. Kesho yake joto la ziwa lilimpokea, na harufu ya samaki, na mchanga uliomwingia viatuni. Alimkuta Xaveri kwenye vichanja, akigeuza usipa kwa viganja vyote viwili, na dada yake mkubwa, Agripina, akifukuza kunguru.

"Xaveri," Benno alianza, angali amesimama, angali anahema, "nimekuja kwa ajili ya yule mzee. Siku ile mto ulikuwa umejaa na..."

"Mgeni wetu anaongea wima," Agripina alimwambia kunguru. "Labda huko kwao viti vimekwisha."

Benno akajikatiza. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetoka mlimani? Kumbe wa huko mnaweza kushuka. Tulidhani maji mnayaogopa hata ya kunawa. Karibu ukae."

Akaketi juu ya gogo. Xaveri aliendelea kugeuza samaki mpaka kichanja kikaisha, akaenda kichanja cha pili. Goti la Benno likaanza kutikisika. Alitaka kusimama, kusaidia, kueleza, kuondoka. Maneno yalimjaa kinywani, mazuri, aliyoyatunga njia nzima: jinsi mzee alivyoinua mkono katikati ya mawimbi, jinsi alivyowapungia wenzake. Akaletewa maji, akanywa. Ukaletwa ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, akala, na Xaveri akala naye bakuli moja. Aliulizwa habari za njia. Aliulizwa habari za Kunigunda na za mvua. Alijibu zote. Ni baada ya kunawa tu ndipo Xaveri alipoelekeza uso wake kwake.

"Haya. Umetumwa?"

"Nimetumwa," alisema Benno. Naye akaona kwamba yale mazuri aliyoyatunga hayasemeki. Mkono ule ulioinuliwa haukuwapo. Palikuwa na bati, na matone, na Daniel akifikiria barabara. "Mzee Makungu amefariki. Mto ulifurika. Mwenzetu mhunzi alitaka kuvuka, akasema mzee atangulie. Mganga aliuliza kama mzee mwenyewe angekubali, hakujibiwa. Mzee aliteleza mara ya kwanza, akatafuta mwamba, akaukosa. Ilikuwa haraka. Hatukukaa tukamwangalia."

Agripina alikuwa ameacha kufukuza kunguru. Yeye hakupata kuuona mchezo ule, lakini alivuta kanga kichwani, akasema, "Pole, mdogo wangu," na Xaveri akaitikia, "Asante, dada," kama inavyoitikiwa.

Kisha akauliza, "Nani aliushika mwili?"

"Hakuna."

"Uliishia wapi?"

"Sijui. Hatukufika huko. Tulifunga kikao."

"Kikohozi kilimshika majini?"

"Xaveri, sijui."

"Makungu asingevuka mto uliofurika. Angekaa ukingoni siku nzima akausikiliza. Mlimvusha mtu mwingine mkampa jina lake." Alisema hivyo bila hasira, kama fundi anayepapasa ufa. "Sitaki mnifufulie. Wala sitaki mtu mpya wa kuchezea, eti niwe kijana mwenye upinde. Mzee alikuwa na dada yake, nilikwambia mwanzoni kabisa, hukulichukua. Dada ana mtoto wa kiume. Mjomba wake ametoka na watu wawili kupeleka chumvi, hakurudi. Unadhani mpwa atakaa nyumbani?"

Benno alidakia: "Atakuja kuuliza."

"Atakuja kuuliza," alisema Xaveri, akarudi kwenye samaki wake.

Jumapili iliyofuata walikuwa wanne mezani. Daniel alifungua jalada, akakohoa. "Mwenyekiti, akidi..."

"Funga, Katibu," alisema Benno.

Daniel akafunga, na mikono yake ikakosa mahali pa kukaa. Benno akaeleza ukingo wa mto, maji yamepungua, tope limebaki na magogo. Akaeleza wasafiri wawili na moto wao mdogo. Kisha akasema kwamba kuna mtu anakuja kwa njia ya juu, amevaa ngozi, hana mzigo.

Xaveri aliposema, sauti yake haikuwa ya Makungu, wala haikuwa yake.

"Hodi wenyewe. Nimefuata nyayo za watu watatu toka nyumbani. Hapa naona za wawili. Mimi ni mtoto wa dada yake Makungu. Naomba maji."

Flavia, kwa kinywa cha yule mganga mkali, akamkaribisha. Akampa maji. Akamwambia aketi. Alisimulia msafara wote kwa mpangilio, pango, simba, kijiji cha chumvi, na hakuna aliyetafuta karanga. Alipofika mtoni alisita.

"Endelea, mama," alisema mpwa.

"Mimi niliuliza kama mzee angekubali," alisema Flavia polepole. "Niliuliza mara moja tu. Ilinipasa niulize tena."

"Na aliyejibu alijibu nini?"

Wote wakamtazama Daniel. Dadu zilikuwa mbele yake, naye akazisogelea kama mtu anayetafuta fimbo. Benno akazifunika kwa kiganja.

"Hapa hapana mashaka ya kurushiwa dadu, Bwana Shamba. Umeulizwa."

"Nilisema tuvuke," alisema Daniel. "Nilisema mzee atangulie, kwa kuwa ndiye mjuzi. Kijana... mimi kwetu hakuna mito. Ipo ya mchanga. Sikujua mto unavyokuwa."

Haikuwa wazi kama alikuwa akisema mhunzi au mtu wa Dodoma, na hakuna aliyemwuliza. Mpwa aliyapokea maneno hayo bila kuyajibu. Aliomba tu aoneshwe mahali penyewe, kisha waongozane kushuka na mto kutafuta mwili. Hapo dadu zikapata kazi. Walitafuta alasiri yote. Ilipotoka kumi na saba, Flavia aliona kitambaa cha mzee kwenye mizizi. Wakamtoa wote watatu, wakamzika juu, pasipofikiwa na maji. Xaveri alisema maneno machache ya kaburini, kwa Kinyasa, nayo hayakutafsiriwa.

Walipotoka nje, Xaveri alimbebesha Flavia fungu la usipa, akauliza bei ya mahindi mjini, akamtania Benno kwa viatu vyake vyenye mchanga. Alikuwa Xaveri yuleyule. Akapiga hatua kuelekea kwa wenyeji wake, akaimba kidogo. Daniel alibaki kwenye pikipiki bila kuiwasha.

"Mwenyekiti," aliita kwa sauti ya chini. "Yule mpwa hakusema kama amenisamehe."

"Hakusema."

"Na sasa anasafiri nasi."

"Anasafiri nanyi."

"Tuna korongo mbele, ulituambia. Na usiku wa kulinda zamu, mmoja mmoja. Atanifanya nini?"

"Sijui, Daniel. Sijamwuliza."

"Wewe si ndiye mwenye nchi!"

"Nchi ndiyo yangu. Mpwa ni wa Xaveri."

Daniel akawasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena. Benno alimwacha hapo akakata njia ya nyumbani kwa haraka, akiwaza korongo lile litakuwa na upana gani, na kama mhunzi ataomba kutangulia au ataomba kubaki nyuma, na zamu ya kwanza ya ulinzi ampe nani. Kunigunda alikuwa bado shambani. Benno alivua viatu, akashika jembe la pili, akaanza kuchimba shimo karibu na la mkewe, akimwuliza, kama wangekuwa wao, wangelala wakati kijana yule ameshika zamu.

"Mimi ningelala," alisema Kunigunda. "Huyo mhunzi asilale."